Sura ya Sita: Nuru Ipimayo Shinikizo la Damu

Aghalabu swali hili huulizwa na jamaa wa mgonjwa, tena kwa sauti ya chini mlangoni pa wodi, baada ya tabibu kuwaeleza kwamba mzee wao atapelekwa katika chumba ambamo waya mwembamba utapitishwa ndani ya mshipa hata ufike moyoni: ikiwa ukanda ule wa kufunga mkononi hutupa hesabu ya presha kwa muda mfupi, bila ya kidonda, bila ya damu na bila ya gharama kubwa, kuna haja gani ya kuingia ndani ya mishipa yenyewe na kuipima mle mle?

Swali hilo ni la haki, na aliulizaye astahili jawabu kamili. Kwa ufupi jawabu ni hili. Hesabu ya mkononi ni kweli ya mkono, nayo ni dalili njema ya hali ya mwili mzima. Walakini yako maamuzi ya tiba yategemeayo shinikizo la mahali pamoja mahsusi, tena yategemeayo tofauti ndogo sana ya shinikizo hilo, na kwa maamuzi kama hayo tabibu hana budi kupima palepale penye shauri, kwa chombo kisichobadili neno lake tangu kinapoingia mwilini mpaka kinapotoka. Katika kukitafuta chombo cha namna hiyo wataalamu waliufikia uzi wa kioo na nuru ipitayo ndani yake, na sura hii itaeleza jinsi walivyoufikia, jinsi ufanyavyo kazi, na mahali unapofaa na usipofaa.

Ukanda wa mkononi husema nini

Shinikizo la damu, ambalo watu wengi huliita presha, ni nguvu ambayo damu huzisukuma kwayo kuta za mishipa inapopita. Moyo unapokaza, nguvu hiyo hupanda hata ikafika kileleni. Moyo unapolegea ili ujae tena, hushuka, lakini haifiki kwenye sufuri, maana kuta za mishipa mikubwa hunyumbuka na kuendelea kuisukuma damu mbele. Ndiyo sababu mgonjwa huandikiwa hesabu mbili, kama vile 120 juu ya 80, ya kwanza ikiwa ya moyo uliokaza na ya pili ya moyo uliolegea. Kipimo chake ni milimita za zebaki, yaani kimo ambacho shinikizo hilo lingeweza kuiinua zebaki ndani ya bomba la kioo lililosimama wima.

Mwaka 1896 tabibu wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitangaza mfuko wa mpira wa kuzungushwa mkononi na kutiwa upepo hata mapigo ya mshipa yakapotea. Na mwaka 1905 tabibu wa Urusi, Nikolai Korotkov, akaonyesha kwamba mwenye kuweka chombo cha kusikilizia juu ya mshipa, wakati ukanda unapolegezwa taratibu, husikia sauti za mapigo zikianza na kisha zikikoma, na kwa kuanza na kukoma huko huzipata hesabu zote mbili. Tangu wakati huo ukanda umeokoa watu wengi mno, na hakuna neno katika sura hii linalokusudiwa kuipunguza heshima yake.

Hata hivyo, ukanda una mambo matatu usiyoyaweza. Hauwezi kueleza shinikizo la kila pigo la moyo, kwa kuwa hupima mara moja, hupumzika, kisha hupima tena. Hauaminiki sana mgonjwa anapokuwa mahututi na presha yake imeshuka mno, kwa sababu sauti zenyewe hufifia hata zisisikike. Na la tatu, ambalo ndilo kubwa kwa mazungumzo yetu, hauwezi kabisa kueleza yaliyo ndani ya mshipa mdogo unaolisha moyo, wala ndani ya vyumba vya moyo, wala ndani ya fuvu la kichwa.

Safari ya kuingia ndani

Kupima kutoka ndani kulitangulia kupima kutoka nje. Stephen Hales, mchungaji wa kanisa huko Teddington, Uingereza, ambaye pamoja na kazi ya dini alikuwa na shauku kubwa ya kuvichunguza viumbe, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1733 jinsi alivyomlaza farasi jike, akaufungua mshipa wa paja, akatia ndani yake kibomba cha shaba, akakiunganisha na bomba refu la kioo lililosimamishwa wima, akaiona damu ikipanda hata kufikia kimo cha futi 8 na inchi 3, yaani karibu mita mbili na nusu, huku ikicheza juu na chini kwa kila pigo la moyo. Kwa binadamu jambo hilo lilingoja zaidi ya miaka mia moja: mwaka 1856 mpasuaji wa Ufaransa aitwaye Faivre, alipokuwa akikata kiungo cha mgonjwa, aliunganisha mshipa wake na kipimo cha zebaki, akapata karibu milimita 120.

Halafu akaja kijana aliyefanya ujasiri ambao hata leo watu huusimulia kwa mshangao. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, tabibu Werner Forssmann alijipasua mshipa wa mkono wake mwenyewe, akapitisha humo mpira mwembamba wenye tundu ndani, ambao leo huitwa katheta, akausukuma kiasi cha sentimita 65, kisha akatembea kwa miguu yake mpaka chumba cha picha za eksirei ili aonyeshe kwamba ncha yake imeingia moyoni naye yu hai. Wakubwa wake hawakumshangilia. Lakini mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, ambao huko New York waliigeuza njia ile kuwa elimu yenye kanuni.

Katheta hiyo hujazwa maji ya chumvi, na shinikizo la damu kwenye ncha yake husafiri ndani ya maji hayo mpaka nje ya mwili, ambako kihisi, yaani kifaa kigeuzacho msukumo kuwa hesabu, hukaa kando ya kitanda. Njia hii ni nzuri, ni rahisi, na kila siku hutumika katika vyumba vya wagonjwa mahututi duniani kote; ila mjumbe wake ni maji, na maji yana tabia zake. Zifuatazo ni hitilafu zake zijulikanazo:

- Kimo. Kihisi lazima kiwekwe usawa wa moyo. Kikishuka sentimita 10 chini ya moyo, uzito wa maji huongeza milimita 7 za zebaki na zaidi juu ya hesabu ya kweli. Kikipanda juu ya moyo, hupunguza vivyo hivyo.
- Upepo. Povu dogo likinaswa ndani ya mpira hubonyea kwa kila pigo, na kilele cha shinikizo huonekana kifupi kuliko kilivyo.
- Mtikisiko. Maji yaliyo ndani ya mpira mrefu hupwita yenyewe yanapopigwa na wimbi la damu, na mara nyingine hukizidisha kilele kuliko kweli.
- Kuganda kwa damu. Damu ikiganda mdomoni mwa katheta, khabari hufika ikiwa dhaifu au isifike kabisa.

Dawa ya hitilafu hizo ilikuwa dhahiri kwa kila mwenye kufikiri: kihisi chenyewe kipelekwe ndani, kikae kwenye ncha, ili kusiwe na maji ya kubeba khabari. Kwanza vilitengenezwa vihisi vya umeme, vyenye vipande vidogo vya silikoni ambavyo hubadili upitishaji wake wa umeme vinaposhinikizwa, navyo vilifanya kazi kubwa na bado vinafanya. Lakini umeme nao una udhaifu wake ndani ya mwili wenye maji na joto: unyevu ukiingia kwenye maungio, au joto likibadilika, hesabu husogea kidogo kidogo hali shinikizo halikusogea. Kuhama huko kwa hesabu pasipo sababu mwilini ndiko tutakakokuita mserereko, na msomaji akumbuke neno hili, kwa kuwa litarudi.

*Kwa muhtasari:* ukanda hupima mkono kutoka nje; katheta ya maji huleta khabari kutoka ndani, lakini maji huweza kuibadili njiani; kihisi cha umeme hukaa ndani, lakini huweza kuserereka.

Kioo kinachoifunga nuru

Mpiga mbizi wa pwani yetu, akiwa kilindini katika maji safi na akatazama juu, huiona mbingu ndani ya duara moja tu juu ya kichwa chake, na nje ya duara hilo uso wa bahari humrudishia sura ya yaliyomo majini. Sababu yake ni kwamba nuru inayotoka majini kwenda hewani hupindika inapovuka mpaka, na ikiufikia mpaka huo kwa mshazari uliozidi kadiri fulani haiwezi kuvuka tena, bali hurudi yote ndani. Kanuni ya kupindika kwa nuru ilikuwa imekwisha elezwa kwa hesabu na Ibn Sahl wa Baghdad karibu mwaka 984, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiri kuitumia katika tiba.

Uzi wa kioo ni kanuni hiyo iliyotiwa kazini. Una kiini cha kioo safi, na kuzunguka kiini hicho limo gamba la kioo cha namna nyingine ambamo nuru huenda kwa kasi kubwa kidogo kuliko ndani ya kiini. Basi nuru iingiapo kiinini hugonga gamba kwa mshazari, hurudi ndani, hugonga upande wa pili, hurudi tena, na kwa njia hiyo huufuata uzi hata unapopinda, mpaka mwisho wake. Unene wa uzi wa kawaida pamoja na gamba lake ni mikromita 125, yaani sehemu ya nane ya milimita moja.

Matabibu walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuufaidi. Mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, Basil Hirschowitz alitumia tita la nyuzi za kioo kutazama ndani ya tumbo la mtu, akaanza kwa kukimeza chombo hicho yeye mwenyewe. Kwa safari ndefu, kioo cha wakati ule kilikuwa kichafu mno. Ndipo mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, wakatoa hoja kwamba kosa ni la uchafu uliomo kiooni wala si la kioo chenyewe, na mwaka 1970 wataalamu wa kampuni ya Corning ya Marekani wakaufanya uzi safi uliolithibitisha neno hilo. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka huohuo mkongo wa SEACOM, uliotandazwa chini ya bahari, uliwashwa ukiwa umefika Mombasa na Dar es Salaam. Na ingawa mkongo ule hubeba maneno na picha za watu wengi kwa mara moja, na uzi wa tabibu hubeba khabari moja tu ya damu ya mtu mmoja, kanuni iliyomo katika hivi viwili ni ileile.

Jinsi nuru isomavyo shinikizo

Uzi peke yake huchukua nuru, haupimi kitu. Ili upime, ncha yake lazima iwekewe kitu kinachobadilika kinaposhinikizwa, na mabadiliko hayo yawe ya namna ambayo nuru huweza kurudi nayo. Njia ziko nyingi; mbili zatosha kwa makusudi yetu.

Njia ya kwanza hutazama wingi wa nuru. Kwenye ncha huwekwa kioo kidogo cha kuakisi kisogeacho kwa shinikizo. Kikisogea, nuru irudiyo huongezeka au hupungua, na chombo kilicho nje huugeuza wingi huo kuwa hesabu. Njia hii ni nyepesi, na ilitumika mapema, lakini ina upungufu ulio wazi: uzi ukipindwa sana njiani baadhi ya nuru huvuja, na chombo huweza kuuhesabu upungufu huo kana kwamba ni khabari ya damu.

Njia ya pili hutazama rangi za nuru, na hiyo ndiyo iliyoleta utulivu uliokuwa ukitafutwa. Asili yake ni kazi ya Wafaransa wawili, Charles Fabry na Alfred Perot, waliofanya utafiti wao huko Marseille mwishoni mwa karne ya 19, wakachunguza hali ya nuru inapokuwa katikati ya nyuso mbili ziakisizo zilizo karibu sana. Jambo lenyewe kila mtu amepata kuliona: tone la mafuta likitandaa juu ya dimbwi la maji barabarani huonyesha rangi za upinde wa mvua, ingawa mafuta hayana rangi hizo. Nuru hurudi kutoka uso wa juu wa mafuta na kutoka uso wao wa chini, na kwa kuwa nuru ni mawimbi, sehemu hizi mbili zikutanapo hujumlishana au hufutana. Kilele kikikutana na kilele, rangi hung'aa, na kilele kikikutana na bonde, rangi hufifia. Rangi ipi ing'ae na ipi ififie, hilo huamuliwa na unene wa mafuta mahali hapo.

Basi kwenye ncha ya uzi wa kioo hutengenezwa mwanya mdogo kabisa, na mbele ya mwanya huo huwambwa kiwambo chembamba, mithili ya ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Upande mmoja wa mwanya ni kioo kisichosogea, upande wa pili ni kiwambo, na nje ya kiwambo ni damu. Damu ikisukuma, kiwambo hubonyea kidogo, mwanya hupungua, rangi zirudizo hubadilika, na chombo kilicho kando ya kitanda, kikizisoma rangi hizo, huujua upana wa mwanya, na kutoka upana hulijua shinikizo. Kubonyea kwenyewe ni kwa vipimo ambavyo jicho haliwezi kuviwaza, maana huhesabiwa kwa nanomita, yaani kwa sehemu za bilioni za mita. Lakini kwa kuwa wimbi la nuru lenyewe ni fupi kuliko sehemu ya elfu ya milimita, nuru huweza kukipima kitu kidogo kama hicho.

Hapa ndipo ilipo fadhila kubwa ya njia hii. Uzi ukipindwa ndani ya mshipa, nuru nzima huweza kupungua, walakini mpangilio wa rangi haubadiliki, kwa maana mpangilio huo huamuliwa na upana wa mwanya peke yake. Khabari ya damu imeandikwa katika jambo ambalo safari haiwezi kulifuta. Uimara wa hesabu hutokana na hilo, na mtu akishalielewa hatashangaa kwa nini wataalamu walijitaabisha kutengeneza kitu chembamba na chenye kuvunjika upesi kiasi hiki.

Kwa ufupi, sifa za kihisi cha nuru ni hizi nne:

1. Hukaa palepale panapopimwa, hivyo hakuna maji ya kuipotosha khabari wala kimo cha kurekebisha kila mgonjwa anapogeuzwa.
2. Ni kidogo sana, hata huweza kuingizwa ndani ya waya mwembamba uendao katika mishipa ya moyo.
3. Hakipeleki umeme moyoni, na unyevu wa maungio hauigeuzi hesabu yake kwa urahisi.
4. Hakisumbuliwi na sumaku wala na mawimbi ya umeme, hivyo huweza kufanya kazi karibu na mashine ya MRI, ambayo hupiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, na karibu na visu vya umeme vya wapasuaji.

Milimita tatu zinazoamua tiba

Sasa na tuuchukue mfano mmoja na kuutazama kwa makini, maana ndio unaojibu swali la wale jamaa wa mlangoni.

Moyo hulishwa na mishipa yake wenyewe, ambayo kwa umri, sigara, kisukari na mengineyo huweza kuziba kidogo kidogo kwa mafuta na chokaa. Tangu mwaka 1977, Andreas Grüntzig alipoupanua mshipa wa moyo kwa puto dogo huko Zurich, Uswisi, matabibu wameweza kuifungua mishipa hiyo bila ya kupasua kifua, na baadaye wakaongeza stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani ili mshipa usifunge tena. Swali gumu limekuwa ni wembamba upi wa kufunguliwa na upi wa kuachwa. Picha ya eksirei huonyesha kivuli cha mshipa. Lakini kivuli hakisemi kama damu ivukayo pale penye wembamba yatosha au haitoshi.

Katika miaka ya 1990 Nico Pijls wa Eindhoven, Uholanzi, na Bernard De Bruyne wa Aalst, Ubelgiji, walijenga njia ya kulijibu swali hilo kwa shinikizo. Mgonjwa hupewa dawa inayoipanua mishipa midogo ili damu ipite kwa wingi wake wote, kisha waya wenye kihisi kwenye ncha, ambao upana wake ni milimita 0.36 tu, huvushwa mbele ya mahali palipopungua. Shinikizo la mbele hugawanywa kwa shinikizo la mdomoni mwa mshipa. Mshipa mzima hutoa 1; jawabu likiwa 0.80 au chini yake, wembamba huo unamnyima moyo riziki yake na aghalabu hustahili kufunguliwa. Likiwa juu ya hapo, aghalabu dawa zatosha.

Ithibati ilikuja kwa utafiti ulioitwa FAME, uliotangazwa mwaka 2009, ambao ulikusanya wagonjwa 1,005 wa Marekani na Ulaya wenye mishipa kadhaa iliyopungua. Wale waliotibiwa kwa kuongozwa na picha peke yake waliwekewa wastani wa stenti 2.7 kila mmoja, na waliopimwa shinikizo ndani ya mshipa waliwekewa 1.9. Baada ya mwaka mmoja, vifo, mashtuko ya moyo na haja ya kutibiwa mshipa upya vilikuwa vimewafikia asilimia 18.3 ya kundi la kwanza na asilimia 13.2 ya kundi la pili. Waliotiwa chuma kidogo zaidi mwilini ndio waliopata siha bora zaidi, na kilichotenganisha makundi hayo ni kipimo.

Utafiti ule ulitumia waya wa kihisi cha umeme, na ni haki kusema hivyo. Lakini hebu tufanye hesabu. Shinikizo la mdomoni mwa mshipa ni 100 na la mbele ni 79. Jawabu ni 0.79, na tabibu huamua kufungua. Kihisi kikiserereka milimita tatu tu kwenda juu, kitasoma 82. Jawabu litakuwa 0.82, na tabibu yuleyule, kwa bidii ileile na nia njema ileile, ataamua kuacha. Ndiyo maana matabibu waangalifu huurudisha waya mpaka mdomoni mwa mshipa mwishoni mwa kazi, wakahakikisha kwamba hesabu mbili zimelingana tena, na zisipolingana hurudia kipimo chote. Milimita tatu, ambazo kwa ukanda wa mkononi si kitu, hapa huamua kama mtu ataishi na chuma moyoni au la. Katika miaka ya 2010 kampuni ya Opsens ya jimbo la Québec, Kanada, ilileta waya wa namna hiyo unaotumia uzi wa kioo na mwanya wa Fabry na Perot, na kusudi lake kubwa lilikuwa kuupunguza mserereko.

Mahali pengine nuru inapohudumu

Faida ya kihisi cha nuru haikuishia katika mishipa ya moyo.

- Pampu ya puto. Moyo ulioishiwa nguvu huweza kusaidiwa na puto refu linalowekwa ndani ya mshipa mkuu utokao moyoni, likajazwa wakati moyo unapolegea na kunywea wakati moyo unapokaza. Likikosea wakati, hudhuru badala ya kusaidia. Baadhi ya maputo hayo huwekewa kihisi cha nuru kwenye ncha, ili mashine ijue kila pigo papo hapo.
- Pampu ndogo ya ndani ya moyo. Baadhi ya pampu zinazoingizwa kwa katheta na kuisukuma damu kutoka chumba cha kushoto cha moyo huongozwa na kihisi cha nuru kielezacho shinikizo la pale zilipo.
- Fuvu la kichwa. Mtu aliyepigwa kichwani ubongo wake huweza kuvimba, na kwa kuwa fuvu halipanuki, shinikizo la ndani hupanda na kuizuia damu isiingie. Tangu miaka ya 1980 wapasuaji wamekuwa na vihisi vya nuru vya kupima shinikizo hilo.

Mipaka na hadhari

Yeyote akisifuye chombo bila ya kutaja mipaka yake humdhulumu msomaji. Kupima kutoka ndani ni kutoboa mshipa, na kila kutoboa kuna hatari yake ya kutokwa na damu, ya maambukizi, na mara chache ya kuujeruhi mshipa wenyewe. Uzi wa kioo huweza kuvunjika ukipindwa kupita kiasi. Waya wa namna hii hutumika kwa mgonjwa mmoja na kisha hutupwa, na bei yake si ndogo. Kadhalika, kihisi cha nuru hakikuepuka kila kosa: lazima kiwekwe sawa na hewa ya chumbani kabla ya kuingizwa, na joto likibadilika sana huweza kukigusa kidogo, hivyo watengenezaji hulipangia hesabu.

Katika Afrika Mashariki kazi ya katheta ya moyo si ngeni tena. Hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, katika hospitali kadhaa za Nairobi, na katika Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala. Lakini wale watakaohitaji kupimwa kutoka ndani watabaki kuwa wachache siku zote, na wale wanaohitaji ukanda ni sisi sote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28, wa miaka 30 hadi 79, wana shinikizo la juu la damu, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Kwa hao tiba ya kwanza ni ukanda, na kuupuuza kwa sababu kuna chombo cha ajabu zaidi mahali fulani ni kuikimbilia dari kabla ya msingi.

Maswali ya kumwuliza tabibu

Jamaa waliouliza swali letu la mwanzo wana haki ya kuuliza zaidi, na tabibu mwema hufurahi kuulizwa. Wanaweza kusema:

1. Ni uamuzi gani utakaotegemea kipimo hiki, na hesabu ikitoka hivi au vile, tiba itabadilika vipi?
2. Je, uamuzi huo waweza kufikiwa kwa kipimo cha nje, kama ukanda au picha, bila ya kupoteza yakini?
3. Mtahakikishaje, kabla ya kuutoa waya, kwamba hesabu haikuserereka?

La kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Kipimo kisichobadili tiba, hata kikifanywa kwa chombo kizuri namna gani, humwongezea mgonjwa hatari na gharama bila ya kumwongezea siha. Lakini pale ambapo tiba hugeuka kwa milimita tatu, mgonjwa anastahili kupimwa palepale penye maradhi, kwa kihisi ambacho tabibu amekwisha kukihakiki na anaweza kukitolea ushahidi. Na kati ya vihisi tulivyonavyo leo, kile kiandikacho khabari yake katika rangi za nuru ni miongoni mwa vilivyo thabiti kuliko vyote.